Insulini ya ng'ombe na swali la "ipi bora"

Juzi hapa Kigoma mwanafunzi wa kidato cha sita alinijia na daftari mkononi. Amesoma juu ya insulini, homoni ya protini inayoshusha sukari ya damu: ya ng'ombe inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino (vijenzi vya protini) 3 kati ya 51, na ya nguruwe kwa 1 tu. "Sasa mwalimu, ipi bora?"

Swali hilo tumelipanda sisi walimu, kwa kufundisha mageuzi ya viumbe kama ngazi ambayo kila badiliko ni kupanda. Wanaoona kila mahali mkono wa uchaguzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaa zaidi, hawakosi ushahidi. Insulini ya simbilisi inatofautiana na yetu kwa nafasi zaidi ya 15 na nguvu yake ni hafifu. Kuiita hiyo bahati tupu ni vigumu, nami siiiti hivyo.

Ila Motoo Kimura, mwanajenetikia wa Japani, anasomwa vibaya. Mwaka 1968 hakudai kwamba protini hubadilika ovyo. Hoja yake ni kwamba badiliko lenye madhara huondolewa na uchaguzi asilia, na mengi yanayobaki hayaongezi wala kupunguza kitu.

Tazama insulini inavyoundwa. Huanza kama mnyororo mmoja mrefu. Kipande cha kati husaidia pande mbili zikunjane sawasawa, kisha hukatwa. Fundi wa mashua pale Kibirizi huchagua mbao za chombo moja moja, akizigonga na kuzisikiliza. Magogo ya kuegemezea chombo ni mti wowote uliopo, na hubaki ufukweni. Kile kipande cha kati ndicho magogo, na insulini ndiyo mbao: kina asidi amino 31 kwa binadamu, 29 kwa nguruwe, 26 kwa ng'ombe. Hata urefu haukutunzwa! Nacho hubadilika kwa kasi mara kadhaa kuliko insulini yenyewe. Kama kila badiliko lingekuwa uboreshaji, kwa nini mabadiliko yarundikane kwenye magogo na kuziacha mbao?

Hapo ndipo ninaposimama na Kimura, bila kumtupa simbilisi.

Kijana nilimjibu kwa kisa cha Toronto, Kanada. Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari, alichomwa dondoo iliyosafishwa ya kongosho la ng'ombe. Sukari ikashuka, na zile tofauti 3 zilikuwemo. Mwanafunzi wangu aliandika "3" daftarini, akaizungushia duara, akauliza ziko nafasi zipi.