Juisi ya Ndimu ya Barafu, Eti Rahisi

Jamani, aliyesema juisi ya ndimu ya chembechembe za barafu ni kazi ya dakika tano ajitokeze tumwone sura. Dakika tano! Kwa joto hili la Februari Dar, hizo zinaisha bado unakamua vindimu vigumu kama gololi, na glasi haijafika hata nusu.

Na ugomvi unaanza sokoni. Watu wanachagua ndimu kwa rangi, kama wanachagua kitenge. Ndimu unaipima mkononi: yenye ngozi laini, nyembamba, nzito kuliko unavyoitegemea, hiyo ina maji. Nyepesi yenye ngozi nene ya mabonde ni nyama nyeupe tupu. Ila muuzaji naye si mjinga, fungu kalipanga zile nzito juu, chini zimelala mayatima. Ramadhani ikikaribia fungu la ndimu sita linakuwa la nne, na anakutazama machoni kabisa, "Bei ni ileile, mama."

Haya, umefika nyumbani. Zikitoka kwenye friji usizikate, zitakubania. Ziloweke maji ya uvuguvugu dakika chache, kisha zibingirishe mezani kwa kiganja mpaka zilegee. Kwa jagi moja la watu unahitaji robo lita ya maji ya ndimu, yaani ndimu 10 hadi 15 kutegemea na roho ya muuzaji. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla hujatoka kuanika nguo. Maji ya ndimu kwenye ngozi yakikutana na jua yanababua, yanaacha alama nyeusi za wiki kadhaa, halafu majirani waanze kuuliza umepigwa na nani.

Sasa kuna wale wavivu wanaotupa ndimu nzima kwenye blenda, ngozi, mbegu na yote. Dakika ya kwanza tamu. Mgeni akichelewa kidogo tu, juisi imegeuka mwarobaini. Uchungu umekaa kwenye mbegu na ile nyama nyeupe, na kadiri juisi inavyokaa ndivyo unavyozidi kujitokeza, na hakuna sukari ya kuuzima. Kamua, chuja, mbegu nje. Ukitaka harufu, paruza ngozi ya kijani peke yake ya ndimu moja kwa kikwaruzo cha karoti, ukiona weupe simama. Chumvi chembe mbili tatu zinapunguza ukali.

Sukari nayo ina kiburi chake. Kwenye maji baridi haiyeyuki upesi, inalala chini ya jagi, wa kwanza anakunywa siki na wa mwisho anatafuna miwa. Pika shira: sukari robo kilo, maji robo lita, koroga motoni mpaka iyeyuke, epua, ipoe kabisa. Kabisa! Ukichanganya na robo lita yako ya ndimu na nusu lita ya maji baridi, ionje. Ukiona imezidi sukari kidogo, hapo ndipo penyewe, maana ulimi uliopigwa na baridi hausikii utamu vizuri.

Kuna wanaopunguza sukari ili wajione wana afya. Sawa, ila sukari ndiyo inayozuia maji yasigande yote. Itoe, ukigandisha utapata tofali. Na yule anayemimina nusu kilo naye atasubiri mpaka kesho, ikifunguliwa bado ni uji.

Tuje kwenye blenda, mashine ya kujidanganya. Ukitumia blenda, ile nusu lita ya maji usiiweke, barafu ndiyo maji yako: trei mbili za vipande. Majimaji yanatangulia, barafu inafuata. Watu wanafanya kinyume, visu vinazunguka hewani huku barafu imekwama juu inawacheka. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Ukiishikilia dakika mbili mfululizo utasikia harufu ya nyaya, na blenda nyingi za nyumbani zimetengenezwa kusaga embe, si mawe. Vipande vikiwa vikubwa, vifunge kwenye kitambaa safi uvitwange na mchi kwanza. Shira ikiwa ya moto, umejitengenezea juisi ya vuguvugu yenye kelele nyingi.

Kwa maoni yangu uma unaishinda blenda, ila uma unataka subira na subira hakuna. Mimina mchanganyiko wenye maji yote kwenye chombo kipana cha plastiki au kioo kinene, kina cha vidole viwili, si zaidi, kisha kiingize friza. Sufuria ya alumini acha, ukali wa ndimu unaitafuna na juisi inapata ladha ya sarafu. Baada ya saa moja kingo zimeganda: zikwangue kwa uma uzirudishe katikati. Halafu kila nusu saa tena, mara tatu nne, mpaka iwe chembechembe kama chumvi ya mawe. Ukiiacha bila kukwangua, fuwele zinashikana, unarudi kwenye tofali.

Na ifunikwe! Friza yetu tunaijua: changu mmoja, dagaa wabichi kwenye mfuko, nyama ya Idd iliyopita. Barafu inanyonya harufu zote hizo, na hakuna anayetaka ndimu yenye kumbukumbu ya soko la samaki la Feri. Wala usiigandishe kwenye chupa ya soda iliyojaa pomoni, maji yakiganda yanatanuka na chupa inapasuka.

Halafu umeme ukatike, kama kawaida, saa ya pili ya kukwangua. Ikiyeyuka na kuganda tena, chembe zinakuwa kubwa, inalia mdomoni kama kokoto. Hapo nunua barafu mtaani kilo 3, ivunje kwenye beseni, nyunyizia chumvi kilo 1. Chumvi inashusha joto la barafu chini kabisa ya sifuri. Zamisha humo chombo chenye juisi, kifuniko kisivuje maana tone moja la maji ya beseni linaharibu jagi zima, na uwe unafungua unakwangua kila dakika kumi. Nusu saa hivi, mambo yanaanza kueleweka.

Shida ni watoto. Kila dakika mbili mlango wa friza wazi. "Mama, imeganda?" Ingegandaje, na joto lote la Temeke mmeliingiza humo?

Basi saa tatu baadaye imeganda vizuri, unaikwangua kwenye glasi, unaweka na jani la mnanaa juu. Mgeni anaitazama, anaitikisa, anaisogeza pembeni taratibu.

"Shemeji, soda hamna?"