Siku za kiungo ni arobaini

Yote yalianza na uvivu wa kubofya mara moja. Kwenye kompyuta yangu, ambayo inatumia Linux, nina folda inayoitwa Kazi, na ndani yake kuna folda ya Ripoti ninamoshinda kutwa nzima. Kila nikitaka kurudi Kazi ilinibidi nipande ngazi moja juu. Ngazi moja tu! Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka kujifunza amri ya ln -s, ile ya kutengeneza kiungo, yaani njia ya mkato ya kufikia folda nyingine, na mtu mzima aliyejifunza amri mpya hana tofauti na mtoto aliyenunuliwa filimbi: nyumba nzima haitalala.

Basi ndani ya Ripoti nikaweka kiungo kinachoelekeza Kazi, nikakiita "rudi". Nikikibofya, huyo, niko Kazi. Nikiingia tena Ripoti, nakikuta kinanisubiri. Pale juu njia ilisomeka Kazi/Ripoti/rudi/Ripoti/rudi, nami nikauona urembo tu.

Miezi ikapita. Tukaambiwa kila mmoja alete nakala ya kazi zake kwenye diski ya nje. Nilikuwa na kiprogramu nilichokiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, najivunia nacho kuliko inavyostahili. Nilipokijaribu mara ya kwanza kiliziacha picha zote, kwa sababu picha zangu zinakaa kwenye diski nyingine na ndani ya Kazi kuna kiungo tu cha kuzifikia. Python inapotembea kwenye mafolda, kwa kawaida haiingii kwenye viungo. Hupita kando kama mgeni mwenye adabu. Mimi nikaisukuma ndani: followlinks=True, yaani "fuata viungo". Maelezo rasmi yanaonya waziwazi kwamba kiungo kikielekeza kwenye folda iliyokibeba, safari inaweza isiishe, kwa kuwa programu haikumbuki ilikopita. Maelezo hayo niliyasoma. Baadaye.

Nikaagiza kosa lolote likitokea liandikwe tu na kazi iendelee, nikaenda kulala.

Asubuhi nikakuta diski imebeba GB 443. Folda yangu yote haizidi GB 11: hati 3, picha 8. Sidanganyi, kitu cha kwanza nilichohisi ni fahari. Nikajiambia, kumbe ninachapa kazi hivi! Ndipo nikaona chini ya skrini mistari miwili ya kosa, yote ikilalamika kwamba ngazi za viungo zimezidi, na yote ikiwa na namba 40. Fahari ikaanza kuvuja. Nikaichomoa diski nikaipeleka kwa kijana wetu wa kompyuta.

Akafungua Kazi. Akafungua Ripoti. Akafungua rudi. Ripoti. Rudi. Mwanzoni alikuwa anabofya taratibu, mwishowe kidole kikawa kinapiga ngoma. Kwenye mzunguko kama wa ishirini akasimama, akanigeukia.

"Kaka, huku tunakwenda wapi?"

"Ripoti."

"Tumetoka Ripoti."

Akanieleza kwamba kiungo si folda, ni kibao cha njia panda. Kibao hakina kitu ndani, kinasema tu "nenda kule". Sasa mimi nimepanda kibao sebuleni kinachosema "mlangoni", halafu nikamtuma mtu asiye na kumbukumbu ahesabu vyumba vya nyumba. Kila akifika mlangoni anaona nyumba mpya.

"Mbona alisimama, basi?"

Akacheka. Kumbe moyo wa Linux, ile kerneli, ukifuata njia moja hukubali kupita viungo 40 tu. Cha 41 unagoma. Na namba yenyewe ya kosa hilo kwenye Linux, kwa bahati tu, ni 40. "Siku za mwizi," akasema, wala hakuimalizia.

Nikachukua karatasi. Hati zilinakiliwa mara 41: mara moja kihalali na mara 40 kupitia rudi. Picha mara 40 tu, kwa maana kwenye mzunguko wa mwisho kiungo chao ndicho kilichokuwa cha 41, kikafungiwa nje pamoja na rudi. Mara 41 kwa 3 ni 123, mara 40 kwa 8 ni 320, jumla 443. Ilitimia hadi tone la mwisho! Nilifurahi kama mtu aliyeunguza nyumba kisha akafaulu kukumbuka kiberiti kilikuwa na njiti ngapi.

"Shukuru ulitengeneza kimoja," akasema. Vingekuwa viwili, kila mzunguko ungezaa miwili, miwili minne, na ule wa 40 peke yake ungekuwa na nakala zaidi ya trilioni moja. Sikumwambia kwamba wiki ile nilikuwa napanga kuweka kingine kwenye folda ya Barua.

Dawa ilikuwa mistari michache. Kila folda ina namba yake kwenye diski. Programu iiandike kila inapoingia, na ikiikuta tena igeuze. Amri ya find, ile ya kutafutia mafaili, ukiiambia ifuate viungo hufanya hivyo yenyewe, na hukuambia kuwa umezunguka. Rudi nayo tukaiondoa, yeye akiushika mkono wangu nisije nikaweka mkwaju (/) mwishoni mwa jina, wala kile kialama cha kufuta na vya ndani.

Kabla ya kuisafisha diski akataka kuona nakala zimesambaaje, akaandika "barua" kwenye kisanduku cha kutafutia. Sikuwahi kumzuia. Zikamiminika moja chini ya nyingine, jina lilelile, tarehe ileile, barua niliyoandika siku moja nikiwa na hasira na sikuituma kamwe: Barua ya kuacha kazi. Arobaini na moja.

Alikaa kimya kidogo.

"Kaka," akasema, "wewe umedhamiria."

Tukanakili upya. GB 11, kila kitu mara moja. Akatafuta tena, nadhani kwa makusudi.

"Imebaki moja," akasema. "Sasa angalau unaonekana bado unafikiria."