Toleo langu kuhusu wale askari 20,000

Haya, wadau. Kwa kuwa Jemadari Ney ameshawasimulia habari za askari wangu 20,000 kwenye mchezo wetu wa vita, tena kwa kuigiza sauti yangu, naona nisipojieleza leo, kesho mtaambiwa nilikimbia vita. Sikukimbia. Sikusinzia pia. Nilikuwa macho makavu, nikituma amri zamu baada ya zamu na kabla ya muda kwisha. Shida ni nani nilikuwa namtumia. Tutafika.

(Ney ni rafiki yangu wa miaka mingi. Tangu tuanze mchezo anataka aitwe Ney hata tukizungumzia mambo mengine. Mwacheni.)

Kwa wageni: tuko saba. Watatu Wafaransa, watatu wa upande wa Wellington na Blücher, na mwamuzi katikati. Tunapigana upya vita vya Juni 1815 kwa barua pepe, Napoleon wa Ufaransa dhidi ya Wellington wa Uingereza na Blücher wa Prussia. Unaandika amri za jeshi lako, unampelekea mwamuzi, naye anazipima kwenye ramani ambayo sisi hatuioni, kisha anamrudishia kila mmoja kile tu ambacho jenerali wake angekijua. Zamu moja ni saa moja ya vita na siku tatu za maisha yetu. Mimi nilipewa d'Erlon, jenerali wa Napoleon aliyekuwa chini ya Ney.

Wanaomjua d'Erlon wameshaanza kucheka, nawaona. Tarehe 16 Juni 1815 Ney alikuwa anapigana Quatre Bras na Napoleon anapigana Ligny, huko Ubelgiji, kama kilomita 10 tu kati yao, na d'Erlon mwenye watu kama 20,000 akashinda kutwa nzima barabarani. Huku anaitwa, kule anaitwa. Alipotokea upande wa Ligny Wafaransa wenzake wakamdhania adui, wakaingiwa na kiwewe. Akarudishwa tena kwa Ney, akafika watu wameshamaliza kazi. Siku niliyopewa jina lake niliandika kwenye kundi, na Ney ameitunza picha yake kama hati ya kiwanja: "Huyu bwana alikosa tu mtu mwenye akili wa kumwandikia amri."

Endeleeni kucheka, bado hatujaanza.

Kabla ya vita mwamuzi alimwuliza kila mtu anapenda mchezo uendeshwe vipi. Swali la kiungwana, maana michezo ya masafa hii huwa haifi kwa risasi. Inafia kwenye zamu ya nne, mtu mmoja akinyamaza na wengine sita wakimsubiri mpaka wasahau walikuwa wanapigania nini. Blücher alijibu kwamba kwake lolote sawa. Napoleon alitaka tutumie VASSAL, ile programu ya bure inayokuwekea ramani na vipande vya mchezo kwenye kompyuta, kila mtu aone. Wellington alitaka tukutane kwa sauti angalau kwenye mapigano makubwa, kwa sababu anapenda kusikia watu wakiumia. Ney aliomba zamu ziende polepole, ana watoto.

Mimi niliandika kurasa mbili na nusu. Zenye vichwa vya habari.

Niliwaambia VASSAL ni nzuri, lakini vita vya kweli havina anayeona ramani nzima. Nikamleta Luteni von Reisswitz wa Prussia, ambaye kanuni zake za mchezo wa vita za mwaka 1824 ziliwatenganisha wachezaji na mwamuzi akawa ndiye anayepeleka habari baina yao. Nikawaletea hata Balaclava ya 1854, farasi wa Uingereza walivyotumwa kwenye mizinga isiyo yenyewe kwa sababu ya karatasi moja isiyoeleweka. Hakuna aliyeniuliza habari za Balaclava. Kisha nikatoa masharti, nayo yakapita yote, nadhani kwa uchovu wa kusoma.

La kwanza, hakuna kusubiriana: asiyeleta amri, jeshi lake liendelee na amri yake ya mwisho. Tena habari zichelewe kulingana na umbali, mjumbe hana mabawa. Hata sisi wa upande mmoja tusiongee pembeni, kila barua ipitie kwa mwamuzi. Mwamuzi naye asimsaidie mzembe, asimkumbushe, asimkonyeze. (Neno "asimkonyeze" limo kwenye kanuni mpaka leo. Nililiandika mimi kwa mkono wangu huu.) Na la mwisho, nililoliona la busara kuliko yote: mwamuzi akipokea amri, airudishe nakala ilivyo, neno kwa neno, iwe stakabadhi. Ukiiona amri yako imerudi kwenye kikasha, ujue imefika.

Mzikumbuke hizo. Kila moja itakuja kunipiga kofi kwa zamu yake.

Zamu ya 3 nikabuni hila. Wellington wa kweli alikuwa na hofu kubwa na upande wake wa magharibi, njia ya Mons. Hata kwenye pigano la mwisho, Waterloo, aliacha watu kama 17,000 huko Hal na Tubize wakilinda upepo. Basi nikasema nimwoneshe hicho anachokiogopa. Nikaandika: "Jeshi lote litoke Gosselies, lishike barabara ya magharibi mpaka litakapopata amri nyingine." Mimi mwenyewe nikabaki Gosselies kwenye nyumba nzuri, kwa sababu jenerali mwenye akili hatembei na vumbi. Mpango ulikuwa zamu ya 4 niligeuze kimyakimya, lizunguke, lije litokee kwenye msitu wa Bossu, ubavuni mwa Waingereza, Ney alie kwa furaha.

Hila nzuri. Hata sasa nasema ilikuwa nzuri.

Katikati ya zamu ya 3 na ya 4 nikafanya ujinga mdogo. Niliona si heshima jenerali kutuma amri kutoka kwenye barua pepe ninayoombea kazi. Nikafungua anwani mpya, nikaipa jina "Makao Makuu ya d'Erlon". Mwamuzi nilikuwa nimeshamhifadhi simuni kwa jina la "Makao Makuu ya Mwamuzi". Simu yangu ni ndogo. Majina yote mawili inayaonesha hivi: "Makao Mak…"

Mnaona tunakoelekea? Mimi sikuona.

Zamu ya 4 nikaandika amri ya kugeuka, nikagusa herufi tatu, simu ikanimalizia jina, nikatuma. Sekunde mbili, mlio! Amri yangu imerudi kwenye kikasha, neno kwa neno, kutoka kwa "Makao Mak…" Nikatabasamu peke yangu. Mwamuzi gani huyu, sekunde mbili! Nikamwandikia: "Asante sana, kazi safi." Sekunde mbili: "Asante sana, kazi safi." Nikaona mtu mwungwana. Zamu ya 5 nikatuma amri na barua ya kumtuliza Ney, nikashukuru tena, shukrani yangu ikarudi tena kama ilivyo, na hapo ikaanza kunikera. Nikaandika: "Unanikejeli?"

Akanijibu: "Unanikejeli?"

Nikanyamaza. Nikasema huyu mtu mkali, nisije nikaharibu uhusiano.

Mtauliza ripoti za jeshi zilikuwa zinasema nini. Zilisema "tunaendelea magharibi, ari ni nzuri." Lakini zilikuwa zinachelewa kwa umbali, si ndio kanuni? Nikahesabu kwamba hizo ni habari za kale, za kabla amri yangu haijawafikia. Nao kadiri walivyozidi kwenda, ndivyo habari zao zilivyozidi kuchelewa, nami nikazidi kuzipuuza. Barua za Ney zilikuwa zikija, "Uko wapi?", kisha "Uko wapi wewe?", kisha "WEWE!" Nikamjibu zote kwa upole. Nilimjibu nani, mnajua. Zamu ya 8 nikaingiwa na wasiwasi kidogo, nikatuma "GEUKENI" kwa herufi kubwa. Stakabadhi ndani ya sekunde mbili. Moyo ukatulia.

Zamu ya 9 ilikuwa ya sauti, kama Wellington alivyotaka. Watu saba kwenye simu ya kundi usiku. Hapa nendeni taratibu, kwa sababu mimi kila nikilala naiona hivyo, taratibu.

Mwamuzi akasema, "D'Erlon, tueleze nia yako." Nikakohoa. Hotuba nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi. Nikasema, "Mheshimiwa mwamuzi, kwa hesabu yangu, divisheni zangu nne za miguu saa hii zinachomoza kwenye msitu wa Bossu. Bwana Wellington, pole."

Kimya.

Si kimya cha hofu. Kimya cha watu wanaokandamiza vipaza sauti vyao.

"Jenerali," mwamuzi akasema, na sauti yake ilikuwa na mtetemo nisioujua, "jeshi lako haliko msitu wa Bossu."

"Liko wapi?"

"Haliko."

"Limepigwa?"

"Halijapigwa, halijakutana na mtu. Haliko kwenye ramani."

Kisha akasoma. Angeweza kufupisha, hakufupisha. "Zamu ya 3: shika barabara ya magharibi mpaka upate amri nyingine. Zamu ya 4: hakuna amri, jeshi linaendelea magharibi. Zamu ya 5: hakuna amri, jeshi linaendelea magharibi." Alipofika zamu ya 6 nilimsikia Blücher anasoma pamoja naye, kama kiitikio. "Zamu ya 8: askari wa mbele wamefika ukingo wa ramani. Hakuna amri." Akanyamaza kidogo, fedhuli yule. "Wameendelea."

"Wameendelea wapi?" Ney akauliza.

"Magharibi."

Wellington akaropoka, "Ina maana walikuwa wanakwenda kweli? Mimi nimehamisha brigedi mbili kuwazuia! Zamu tatu nawaza huyu mtu ana mpango gani!"

Hapo, ndugu zangu, kulikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema "nimekosea" tukaendelea. Lakini mimi nilikuwa na stakabadhi. Nikapandisha sauti. Nikasema kuna uonevu kwenye mchezo huu, mwamuzi amepokea amri tano na kunithibitishia zote tano, na ushahidi ninao. Mwamuzi akasema hajapokea kitu. Nikasema, "Subiri uone." Nikahamia kwenye kompyuta, ile yenye kioo kipana. Nikaingia kwenye barua pepe. Nikawaonesha watu wote skrini yangu. Nikaipanua kabisa, Napoleon asije akasema haoni vizuri.

Na kioo kipana hakikati majina.

Kutoka: Makao Makuu ya d'Erlon. Kwenda: Makao Makuu ya d'Erlon.

Nikasoma mara ya kwanza, macho yakakataa. Nikasoma mara ya pili. Nikashusha ukurasa nikitafuta barua moja tu, moja, yenye jina jingine, na kadiri nilivyoshusha ndivyo nilivyozidi kuwafunulia. Amri ya zamu ya 5, kutoka kwangu kwenda kwangu. Barua ya kumtuliza Ney, kwangu. "Asante sana, kazi safi." Kwangu. Na chini yake, kwa herufi nyeusi zilizokolea, mara mbili, moja juu ya nyingine:

Unanikejeli?
Unanikejeli?

Hakuna aliyecheka kwa sekunde tatu hivi. Nadhani walikuwa wanajaribu kuelewa kwamba nimegombana na nafsi yangu na nikashindwa. Kisha Ney, rafiki yangu, mtu niliyemwachia siri zangu zote za maisha, akauliza kwa upole wa daktari, "Na ulipojikejeli hivyo, uliumia?"

Sikumbuki vizuri baada ya hapo. Nilitafuta kitufe cha kuzima skrini nikabonyeza cha kuikuza.

Mengine kwa haraka. Quatre Bras tulishindwa, Ney akaumizwa kwenye zamu ya 10, Napoleon akaomba amani kwenye ya 12. Nilimwuliza mwamuzi kwa nini hakuninong'oneza hata neno, akanitumia ukurasa wangu wa pili, neno "asimkonyeze" amelipaka rangi ya njano. Sasa kwenye kundi naitwa Balozi wa Mons. D'Erlon wa kweli angalau alikuwa anaitwa na watu wawili tofauti. Mimi sikuitwa na mtu, nilijituma.

Jana mwamuzi ametuuliza tena kila mtu anapendaje, tunaanza mchezo mpya. Safari hii nimeandika mstari mmoja tu: VASSAL, ramani wazi, tuongee kwa sauti, na mtu akichelewa apigiwe simu. Nimetuma mapema, kabla ya wote, na jibu limeingia papo hapo, hata sekunde tatu haijafika.

Ngojeni kidogo, naja.