Mganga Mfawidhi na Daftari la Hesabu

"Daktari ameenda halmashauri." Yeyote aliyewahi kupeleka mtoto mwenye homa kwenye zahanati ya kijijini Tanzania anaifahamu kauli hiyo. Anayeitwa daktari hapo kwa kawaida ni tabibu, mtu mwenye stashahada ya miaka 3, na mara nyingi ndiye pekee katika jengo zima aliyesomea kutibu. Huko halmashauri hakwenda kutembea. Amepeleka taarifa ya matumizi, au ameitwa kujibu hoja ya mkaguzi kuhusu hati ya malipo isiyo na viambatisho, au mtandao umegoma kijijini akaona heri aufuate mjini kuliko kuchelewesha ripoti ya robo mwaka. Kwenye benchi wamebaki wagonjwa na muuguzi mmoja, na muuguzi huyo ana mama anayejifungua chumba cha pili.

Nimeanzia zahanati kwa makusudi. Mjadala wa nani aongoze taasisi za afya, mtaalamu wa tiba au mtaalamu wa utawala, huwa unaanzia juu, kwa wakurugenzi wa hospitali kubwa na bodi zao. Huko juu kuna maofisa wa fedha, wa manunuzi, wa rasilimali watu. Akikosea mmoja, wapo wa kumsahihisha. Lakini kwenye zahanati kazi zote hizo ziko mezani kwa mtu mmoja, na meza hiyohiyo ndiyo ya kupimia wagonjwa.

Haikuwa hivi zamani. Hadi miaka michache iliyopita fedha za uendeshaji zilikaa halmashauri chini ya mganga mkuu wa wilaya. Zahanati ikiishiwa sabuni, glavu au mafuta ya taa, iliandika maombi na kungoja. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ukabadilika: fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo. Kituo kikawa na mpango na bajeti yake, kikaandika mapato na matumizi yake kwenye mfumo wa hesabu wa FFARS, na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kijijini ikapewa nafasi ya kukaa na kuamua. Hatua hiyo naiunga mkono, tena kwa moyo wote. Paa linalovuja juu ya chumba cha kujifungulia linamuuma zaidi anayelala chini yake kuliko ofisa aliye kilomita 80 kutoka hapo. Mganga mfawidhi, yaani tabibu anayekiongoza kituo, aliyekuwa akiomba sasa anaweza kumwita fundi.

Ila fedha hazikuja peke yake. Zilikuja na vikao na mihtasari yake, nukuu za bei, hati za malipo, risiti, taarifa, ukaguzi. Dawa zikikosekana Bohari ya Dawa, lazima ukosekanaji huo uthibitishwe kwanza kabla ya kwenda kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba pengo, utaratibu ulioanza kujaribiwa Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima mwaka 2018. Pakijengwa wodi kwa fosi akaunti, yaani kituo chenyewe kununua vifaa na kulipa mafundi bila mkandarasi, mganga ndiye anayehesabu mifuko ya saruji. Vyuoni alifundishwa kutambua malaria kali na kumpa rufaa ya haraka mama ambaye kondo la nyuma limetangulia. Somo la uongozi alilipitia, lakini hakuna aliyemwambia kwamba siku moja usingizi wake utategemea namba ya kifungu cha matumizi.

Hapa ndipo wanaotaka mameneja waliosomea kazi hiyo wanapokuwa na hoja nzito. Wanasema kuongoza ni taaluma. Chuo Kikuu cha Mzumbe kina shahada ya menejimenti ya mifumo ya afya, na serikali ina kada nzima ya makatibu wa afya, watu waliofundishwa mipango, bajeti, sheria za kazi na utunzaji wa mali. Kwa nini basi katibu wa afya abaki kuandaa vikao na kufuatilia likizo za watumishi, wakati daktari bingwa wa upasuaji, ambao tunao wachache, anakesha na zabuni ya chakula cha wagonjwa? Hasara inakuwa mara mbili: chumba cha upasuaji kimempoteza mpasuaji, na ofisi imepata kiongozi aliyeletwa na ukuu wa cheo bila kuwahi kuitaka kazi hiyo. Nimewasikia madaktari wakisema uganga mfawidhi ni adhabu iliyofungwa kwa utepe wa zawadi, na walikuwa wanasema kweli.

Ethiopia ililishika jambo hili mapema. Kuanzia 2006, wizara ya afya ya nchi hiyo, ikisaidiwa na Clinton Foundation na Chuo Kikuu cha Yale, iliamua kujenga uongozi wa hospitali kama kazi inayojitegemea. Kikaanzishwa cheo cha mtendaji mkuu wa hospitali, tofauti na mkuu wa tiba, na baadaye Chuo Kikuu cha Jimma kikafundisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa hospitali kwa ajili ya watu hao. Tathmini za mwanzo zilionyesha hospitali zilizokuwa kwenye mpango zikitimiza viwango vingi zaidi vya usimamizi kuliko mwanzo: kumbukumbu za wagonjwa zinazopatikana, stoo ya dawa inayohesabika, usafi wenye mwenyewe. Ni mambo madogo, na mgonjwa wa kawaida hayaoni mpaka yakosekane.

Hoja ya upande wa pili inaanzia pia kwenye mfano, na mfano huo umewagharimu watu maisha yao. Uingereza, mwaka 1983, ripoti ya Roy Griffiths, aliyekuwa kiongozi wa maduka ya Sainsbury's, ililalamika kwamba ndani ya huduma ya afya ya taifa hakuna anayejulikana kuwa ndiye mwenye dhamana. Madaktari, wauguzi na watawala waliamua kwa maafikiano, na yeyote aliweza kuzuia. Mameneja wakuu wakaletwa. Kwa sehemu kubwa mambo yalinyooka. Lakini miaka ya 2005 hadi 2009, katika hospitali ya Stafford, uongozi ulijielekeza kusawazisha hesabu na kupata hadhi ya juu ya kujitegemea, ukapunguza watumishi, na wagonjwa wakaachwa kwenye mashuka machafu, wengine bila kusaidiwa kula wala kunywa. Waliopiga kelele walikuwa ndugu wa wagonjwa. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013, ilitoa mapendekezo 290.

Wanaotaka matabibu waongoze huitaja Stafford kama ushahidi kamili: mweke mtu asiyejua kidonda kinavyonuka, naye ataongoza kwa jedwali. Wanaongeza kwamba Mayo Clinic ya Marekani imeongozwa na madaktari tangu kuanzishwa kwake na inasifika duniani. Wanasema pia jambo ambalo kila aliyefanya kazi hospitalini analielewa: daktari humsikiliza daktari. Mtawala akimwambia bingwa kwamba orodha yake ya upasuaji inaanza saa nne badala ya saa mbili, anaweza kujibiwa kwa dharau. Akiambiwa hivyo na mwenzake aliyewahi kukesha naye zamu, atajitetea, kisha kesho yake atawahi.

Sasa Stafford ina upande ambao husahaulika. Uchunguzi uleule ulikuta kwamba madaktari bingwa wa pale hawakuwa mstari wa mbele kutaka mabadiliko. Wengi walikuwa wamejitenga na uongozi na kuuachia ukiendelea. Kwa hiyo siwezi kuisoma habari ile kama ushindi wa koti jeupe dhidi ya suti. Naisoma kama habari ya hospitali ambamo aliyejua hali za wagonjwa hakuwa na mkono kwenye fedha, na aliyeshika fedha hakuingia wodini. Tabibu wetu wa kijijini yuko kwenye hatari iliyo kinyume chake: yote mawili anayo yeye, na hana saa za kutosha kuyafanya.

Kuna pia swali ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Kiongozi wa hospitali ya umma, awe daktari au mtawala, ana madaraka gani hasa? Haajiri. Hahamishi mtu wala hazuii wake kuhamishwa. Mishahara inatoka hazina, vibali vya ajira vinatoka utumishi, na upangaji wa watumishi wa halmashauri unapita TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mtumishi mlevi anaweza kuchukua miezi mingi ya barua na vikao vya nidhamu, na muda wote huo jina lake linahesabiwa kama nafasi iliyojazwa. Mwaka 2015/16 Tanzania ilipovipima vituo vyake vya msingi kwa mfumo wa nyota, kiasi cha theluthi moja havikupata hata nyota moja, na uongozi wa kituo ulikuwa miongoni mwa yaliyopimwa. Ulikuwa upimaji wenye manufaa, kwa sababu ulisukuma marekebisho ya kweli. Lakini baadhi ya alama alizokosa mganga mfawidhi zilikuwa mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewapa nyota.

Kenya imetufundisha jambo hilohilo kwa uchungu. Baada ya ugatuzi wa 2013 hospitali nyingi ziliingia chini ya kaunti, na chini ya sheria ya fedha za umma ya 2012 makusanyo ya hospitali katika kaunti nyingi yakawa yanaingia kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Msimamizi wa hospitali alikusanya asubuhi na kuomba jioni, na akiomba hakuwa na hakika ya kurudishiwa. Madaktari walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, kisha wauguzi wakafuata kuanzia Juni hadi Novemba mwaka huo, hakuna kiongozi wa hospitali hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kuumaliza mgogoro. Mkataba wa kazi wa madaktari uliogombaniwa ulisainiwa mwaka 2013 na serikali ya taifa, na waajiri wapya walikuwa kaunti. Hata angekuwa na shahada tatu za menejimenti, angefanya nini zaidi ya kufunga wodi kwa utaratibu na kuwapa ndugu rufaa? Sheria ya 2023 ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo imezirudishia hospitali za Kenya haki ya kubaki na makusanyo yake. Ilichukua miaka 10 kufika pale ambapo mtu yeyote wa dirisha la malipo angeweza kuwaelekeza.

Katika mjadala huu mtu ninayemsikitikia zaidi ni muuguzi mfawidhi. Yeye ndiye meneja halisi wa hospitali kwa saa nyingi za siku. Anapanga zamu, anajua kitanda kipi godoro lake limeoza, anajua nani kati ya wauguzi wake ana mtoto anayeumwa na hatakuja usiku. Mashuka yakikosekana analaumiwa yeye. Lakini bajeti ikipangwa mara nyingi huitwa kutoa takwimu, kisha wenye sauti wakaendelea na kikao. Tunagombana kama kiti kiwe cha daktari au cha katibu, na anayeendesha nyumba amesimama mlangoni akiwa na funguo zote mkononi.

Msimamo wangu unatofautiana kwa ngazi, na sioni sababu ya kuulazimisha uwe mmoja. Kwenye hospitali za rufaa za mikoa na zile za wilaya zilizokua, ningetenganisha kazi kama Ethiopia: mtendaji aliyesomea usimamizi awajibike kwa fedha, manunuzi, majengo na watumishi, na daktari mkuu awajibike kwa ubora wa tiba, akiwa na haki ya kuzuia kwa maandishi uamuzi wowote unaohatarisha wagonjwa. Muuguzi mkuu aketi nao akiwa na kura. Najua pingamizi lake: wakuu wawili huvutana, na watumishi hujifunza upesi kumkimbilia mmoja pale mwingine anapokataa. Ni pingamizi la kweli. Mimi naona mvutano ulioandikwa, unaosomwa na bodi, una nafuu kuliko mtu mmoja anayejivuta mwenyewe pande mbili na kuamua kwa uchovu.

Kwenye zahanati, tabibu abaki kuwa kiongozi. Kumpeleka mtawala kwenye jengo lenye watumishi watatu ni kuongeza meza mahali panapohitaji mikono, na wanakijiji hawatamheshimu mtu wa afya asiyeweza kumpokea mtoto mwenye degedege. Anachohitaji ni kuondolewa makaratasi. Mhasibu mmoja anaweza kukaa kwenye kituo cha afya cha kata akizunguka zahanati zinazokizunguka, akija kwa siku inayojulikana, akiandika hesabu na kupeleka taarifa, huku uamuzi wa nini kinunuliwe ukibaki kwa mganga na kamati. Wasiwasi upo kwamba mhasibu huyo naye atageuka bwana mkubwa, azuie fedha mpaka abembelezwe, na tutakuwa tumerudi kule kwa maombi na kungoja. Ndiyo maana saini zibaki za kituo. Yeye aandike tu.

Gharama ya mshahara wake itaulizwa, na inapaswa kuulizwa. Lakini tunapoihesabu, tuhesabu pia ile siku nzima ambayo tabibu yuko kwenye basi la kwenda wilayani, bahasha ya risiti mapajani, na foleni iliyomngoja tangu saa moja asubuhi imeanza kutawanyika, wengine wakielekea duka la dawa kununua vidonge bila kupimwa.