Bwawa la Mtaa Liwe Mikononi mwa Nani?

Chini ya Mto Thames, jijini London, ipo njia ya miguu iliyofunguliwa mwaka 1902. Urefu wake ni mita 370 hivi, kuta zimepigwa vigae vyeupe, na mtu akikohoa upande mmoja anasikika hadi upande wa pili. Ilichimbwa ili vibarua waliokaa kusini mwa mto wawahi kazini kwenye gati za kaskazini bila kutegemea kivuko. Leo unaipita kwa dakika tano au sita. Unashuka ukiwa manispaa ya Greenwich, unaibuka ukiwa Tower Hamlets.

Naanzia hapo kwa sababu manispaa hizo mbili zimeulizwa swali moja, zikajibu kila moja kivyake. Bwawa la kuogelea, jimu na ukumbi wa michezo vilivyojengwa kwa fedha za umma, nani aviendeshe ili afya ya watu wa mtaa inufaike?

Greenwich ilijibu kwanza, mwaka 1993. Halmashauri ilikuwa imebanwa na makato ya bajeti kutoka serikali kuu, na vituo vyake saba vya michezo vilikuwa vinakula fedha isiyokuwepo. Badala ya kuvifunga, au kuvigawa kwa kampuni binafsi, ilivikabidhi kwa chama kipya kilichoundwa na wafanyakazi wenyewe: Greenwich Leisure Limited, kwa kifupi GLL. Kisheria ni chama cha ushirika kwa manufaa ya jamii. Hakina mwenye hisa anayesubiri gawio, wafanyakazi wanachama wanachagua wajumbe wa bodi, na ziada ikipatikana inarudi kwenye huduma. Majengo yakabaki mali ya umma.

Msomaji aliyekulia Moshi au Bukoba hahitaji kuelezwa sana. Anajua chama cha ushirika kinavyoweza kupendwa na kulaaniwa na watu wale wale, ndani ya msimu mmoja.

Mpango ule ulifanikiwa kiasi kwamba halmashauri nyingine zikauiga, na GLL yenyewe ikavuka mipaka ya Greenwich. Siku hizi inaendesha vituo na maktaba zaidi ya 200 Uingereza, mlangoni pameandikwa Better, jina lake la biashara. London Aquatics Centre, bwawa la Olimpiki ya 2012, lilipofunguliwa kwa wananchi mwaka 2014, walioshika funguo walikuwa hao.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote inatoka kwenye hesabu ya bwawa. Bwawa ni mzigo. Maji lazima yapashwe moto usiku na mchana, yachujwe, yatiwe dawa, na waokoaji wakae kwenye viti vyao hata kama ndani mna wazee watatu tu wanaojikongoja. Viingilio peke yake haviwezi kulipia hayo. Kinacholiokoa bwawa ni jimu ya jengo hilo hilo: ada za kila mwezi za vijana wanaonyanyua vyuma juu zinalipia maji ya moto ya bibi aliye chini. Mfanyabiashara mwenye akili atajenga jimu na kuachana na bwawa. Ndivyo ilivyokuwa kwa jimu za bei rahisi zilizoenea Uingereza tangu miaka ya 2010 ilipokaribia: zinafunguliwa saa 24, mashine tele, tone la maji ya kuogelea hakuna. Biashara ya kijamii inaubeba mzigo huo kwa sababu ndio uliofanya iundwe.

Hoja ya pili ni ushirikiano na hospitali na zahanati. Mchukulie mama wa miaka 55 mwenye sukari na magoti yanayouma. Daktari wake wa mtaa anaweza kumwandikia mazoezi kama anavyomwandikia vidonge, kwa kawaida wiki 12, kwa bei nafuu, chini ya mwalimu aliyefunzwa kushughulika na wagonjwa. Kituo kinachoendeshwa kwa ajili ya jamii kina sababu ya kumpokea mama huyo. Kinachoendeshwa kwa ajili ya gawio kitamwona kama mtu anayechukua nafasi saa za jioni.

Mfano maarufu zaidi wa fikra hiyo uko upande wa kaskazini wa mto, na wala si jimu. Bromley by Bow Centre ilianza mwaka 1984, mchungaji Andrew Mawson alipopewa kanisa lenye waumini wachache katika mojawapo ya mitaa maskini ya London mashariki. Akafungua milango: wasanii wakapata karakana, wazazi wakapata mahali pa kuacha watoto, bustani ikapandwa, na mwaka 1997 zahanati ikajengwa pale pale. Daktari anayeona kwamba kinachompandisha mgonjwa presha ni deni la pango anamwelekeza chumba cha jirani kwa mshauri wa madeni. Mpweke anapelekwa bustanini. Mwanzoni wapo waliouona mpango huo kama ndoto ya mchungaji. Sasa kumwelekeza mgonjwa kwenye huduma za kijamii namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya huduma ya afya ya taifa Uingereza.

Lakini tusijidanganye. Mwaka 2014 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini humo, ilishauri kwamba fedha zisitumike kumpeleka kwenye mipango ya mazoezi mtu ambaye tatizo lake pekee ni kukaa bila mazoezi; apelekwe mwenye maradhi au aliye karibu kuyapata. Ushahidi wa faida kwa wengine ulikuwa mwembamba. Kuingia mlangoni ni jambo moja, kupona ni jingine, na ripoti za vituo hivi hupenda sana kuhesabu mlango.

Wapinzani nao wana mengi ya kusema, na wengine ni wafanyakazi wenyewe. Chama kilichoanza na vituo saba, ambako mwokoaji alimjua mjumbe wa bodi kwa jina, kinabaki ushirika kwa kiasi gani kikishafika vituo 200? Vyama vya wafanyakazi, hasa Unite, vimepigia kelele kwa miaka mikataba isiyomwahidi mtu hata saa moja ya kazi kwa wiki. Mwaka 2019 wafanyakazi wa maktaba za Bromley, manispaa ya kusini mwa London iliyozikabidhi maktaba zake kwa GLL, waligoma kwa wiki kadhaa wakidai nafasi zilizoachwa wazi zijazwe. Mwenye chama anagoma dhidi ya chama chake! Ukiwauliza watetezi watakwambia halmashauri ndiyo iliyokata fedha. Ni kweli kwa sehemu, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo lote.

Maana mwenye kituo anaweka kandarasi mezani, anaitisha zabuni, na biashara ya kijamii inashindana na kampuni za kawaida kwa masharti yale yale. Ili ishinde lazima ikubali ruzuku ndogo. Ikikubali ruzuku ndogo lazima ibane mahali, na mahali pepesi pa kubana ni mishahara. Bwawa la Olimpiki lenyewe lilikwenda kwa mwendeshaji mwingine, kampuni binafsi, mwaka 2024.

Kuna na jambo la kodi, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Shirika la hisani Uingereza linasamehewa asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara, na huduma za michezo za mashirika yasiyotafuta faida hazitozwi VAT. Kwa halmashauri nyingi sababu ya kukabidhi vituo haikuwa falsafa ya ushirika. Ilikuwa nafuu hiyo. Mwaka 2023 mamlaka ya kodi, baada ya kushindwa katika kesi iliyohusu halmashauri ya Chelmsford, ilikubali kwamba huduma za michezo zinazotolewa na halmashauri zenyewe nazo zisihesabiwe kama biashara kwa upande wa VAT. Sehemu kubwa ya faida ya kukabidhi ikayeyuka, na wahasibu wakaanza kupiga hesabu upya.

Uviko-19 ulishaonyesha udhaifu mwingine kabla ya hapo. Milango ilifungwa Machi 2020, ada zikakatika siku hiyo hiyo, na chama kisicho na wanahisa hakina mtu wa kumwomba mtaji. Serikali ikalazimika kutoa pauni milioni 100 za kuokoa vituo vya umma. Gesi na umeme vilipopanda bei ikatoa tena, mwaka 2023, zaidi ya pauni milioni 60 kwa ajili ya mabwawa. Hatari ambayo halmashauri zilidhani zimeihamishia kwingine ilizunguka ikarudi mlangoni kwao.

Sasa tuvuke mto. Tower Hamlets vituo vyake viliendeshwa na GLL kwa miaka mingi. Kandarasi ilipofika ukingoni mwaka 2024, halmashauri haikuitisha zabuni tena. Ilivirudisha mikononi mwake na kuvipa jina la Be Well. Katika kiangazi kile kile ikatangaza kuogelea bure kwa wanawake na wasichana kuanzia miaka 16, na wanaume kuanzia miaka 55.

Uamuzi huo haukudondoka kutoka mbinguni. Kwa sensa ya 2021, watu wanne kati ya kumi wa Tower Hamlets ni Waislamu, uwiano ambao haufikiwi na manispaa nyingine yoyote ya Uingereza na Wales. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wana asili ya Bangladesh. Kwa mama wa hapo kuna mambo mawili yanayomzuia kwenda bwawani: bei, na kama kuna saa za wanawake peke yao, mwokoaji akiwa mwanamke. Yote mawili ni maamuzi ya anayeshika ratiba na mfuko. Mwendeshaji wa nje aliyebanwa na zabuni atazipa saa za wanawake Jumanne saa nane mchana, wakati bwawa lingekuwa tupu hata hivyo.

Hata hivyo bei ya bure inalipwa na mtu. Tower Hamlets ina Canary Wharf ndani ya mipaka yake, na minara yote ile ya mabenki; si kila manispaa ina utajiri wa kuegemea namna hiyo. Na halmashauri ikiendesha yenyewe, bajeti ya bwawa inapigana moja kwa moja na bajeti ya kutunza wazee, kila mwaka, mbele ya madiwani wanaotafuta kura. Ni mvutano huo huo uliowafikisha Greenwich walipofika mwaka 1993.

Kwa maoni yangu, basi, umbo la kisheria linabeba lawama na sifa ambazo si zake zote. Ushirikiano huu unaharibika pale halmashauri inapoutumia kama mlango wa kutokea: inatia sahihi, inapunguza ruzuku, halafu inashangaa kwa nini mama mwenye sukari hayupo. Ukisoma kandarasi, tafuta ukurasa unaosema nani anafidia hasara ya saa zisizo na faida, na nani ana haki ya mwisho juu ya bei. Ukurasa huo usipokuwepo, maneno kama afya na ustawi wa jamii ni rangi ya ukutani.

Nairobi wameugusa mshipa huo huo kwa njia nyingine. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea Januari 1999, umeendeshwa kwa zaidi ya muongo mmoja kwa ubia wa Shirika la Misitu la Kenya na Marafiki wa Karura, chama cha jamii. Ulikuwa pori watu walilolihofia, ukawa mahali pa kukimbia, kuendesha baiskeli na kuleta watoto Jumapili. Agosti 2025 shirika la serikali lilipotangaza kwamba viingilio vyote vilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, marafiki hao wakapinga na shauri likafika mahakamani. Serikali ilizungumzia uwazi wa fedha za umma, ambayo si hoja ya kupuuzwa. Marafiki wa Karura waliuliza: shilingi ya mlangoni ikishapanda kwenye mfumo mkuu, fedha ya kutunza ua na kulipa walinzi itashuka lini?

Huko London, mama wa Millwall, mtaa wa Tower Hamlets, anaogelea bure leo. Dada yake anayekaa Greenwich anaweza kupita chini ya mto akamfikia kwa miguu, taulo begani, kabla chai haijapoa. Mapokezi watamwuliza kwanza anwani yake.