Uji wa Maalim

Ubao wa skuli zetu za shamba Pemba si mbao. Ni lipu ya saruji ukutani, imepakwa weusi. Weusi ukichakaa, chaki huandika kijivu juu ya kijivu, na watoto wa nyuma hunyoosha shingo kama bata.

Rangi ya dukani ikikosekana tunajitengenezea. Unakusanya mawe ya redio (betri) yaliyokufa, yale makubwa, kama manane. Unayapasua, unatoa unga mweusi wa ndani, ganda na kile kijiti cha kati unaviweka kando. Unautwanga, unauchekecha kwa kipande cha kanga, kisha unauchanganya na uji mwepesi wa muhogo. Uji ndio gundi. Ukiwa mzito, weusi hubanduka magamba. Ukiwa maji sana, unafutika pamoja na hesabu.

Jumamosi moja ya masika, hapa Konde, nilikuwa na kila kitu ila uji. Nikamtuma mtoto wa darasa la tano: "Mwambie bibi yako, maalim anaomba uji wa muhogo, mwepesi." Akarudi na sufuria imefunikwa sahani. Ningenusa ningejua, lakini nilikuwa na mafua. Nikaupaka ubao mikono miwili, nikafunga mlango, nikaenda zangu.

Jumatatu asubuhi nakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka ubaoni. Naweka kidole, kinanata. Nikamwita yule mtoto.

"Bibi alitia nini humu?"

"Tui na sukari, maalim. Kasema mtu mzima hanywi uji mtupu."

Basi! Tui lina mafuta, halikauki. Sukari nayo huvuta unyevu, na masika ya Pemba hayana uchoyo wa unyevu. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kufutia, mara mkaguzi huyo mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi hata lingesimama peke yake.

Nikajikaza. Nikaandika 1/2 + 1/4, nikikandamiza chaki mpaka ikakatika. Mtoto akaja akajaza 3/4, kwa hati kubwa nzuri. Mkaguzi akafurahi. Akasogea mbele, akageukia darasa, akaanza kuwasifu, na katika kusifu akauegemea ubao.

Alipojinyanyua palilia *chwaa*. Nyuma yake limebaki baka la saruji tupu.

"Haya," akasema, "nani atanisomea jawabu?"

Darasa zima kimya. Mkono mmoja ukapanda, wa yule yule mjukuu.

"Jawabu umelichukua wewe, maalim. Liko mgongoni. Lakini 3 imeangalia huko."

Mchana nikamrudishia sufuria, nimeisugua kwa mchanga mpaka inang'aa. Jioni zikaja salamu kutoka kwa bibi: amefurahi kuona maalim kaumaliza wote, na safari ijayo atatia na hiliki.