Siku ya Tatu Mpe Jembe: Barua Pepe kwa Mchezaji Mpya wa Gemu

Mtu amejisajili usiku katika gemu ya mkakati, ile ya kujenga kijiji na kukilinda. Ameweka anwani yake ya barua pepe, akacheza dakika arobaini. Amejenga kambi mbili za askari kabla ya ghala. Mbao zimemwishia, jirani amemvamia, naye amezima simu akalala. Asubuhi anakuta barua: "Tumekukosa! Rudi leo ujipatie sarafu 500 bure." Barua hiyo haijui kwamba amevamiwa, wala haina habari na mbao zake. Akizichukua hizo sarafu atajenga kambi ya tatu, atavamiwa tena, na safari hiyo hatarudi.

Sasa tumpelekee mtu huyohuyo, saa ileile, barua nyingine: "Jana usiku mbao zako ziliisha kabla hujajenga ukuta, ndiyo maana jirani aliingia kirahisi. Leo anza na ghala, kisha ukuta. Kambi za askari ziache hadi kesho." Sentensi tatu tu. Hamna zawadi ndani yake, wala kitufe kikubwa cha kubofya.

Nimeandika barua za namna zote mbili kwa watengenezaji wa gemu za mtandaoni, na nimekaa katika vikao vingi vya kubishania kama zina faida. Wako wanaoamini kwamba barua pepe ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumrudisha mchezaji mpya aliyeanza kupotea. Wako wanaoiona kuwa kero, na ushahidi kwamba gemu yenyewe imeshindwa kujieleza. Mimi niko upande wa barua, ila masharti ninayoyashikilia nimeyapata karibu yote kwa kuwasikiliza wanaozipinga.

Tuanze na kinachozitetea. Wachezaji wengi wapya huondoka katika siku chache za mwanzo, ndiyo maana watengenezaji huhesabu waliorudi siku ya kwanza, ya saba na ya thelathini. Na mtu akishafunga gemu, gemu haina tena mdomo wa kusemea. Arifa ya simu ni mstari mmoja, tena wengi huizima mapema. Gemu inayochezwa kwenye kivinjari cha kompyuta mara nyingi haina hata hiyo arifa. Barua ina nafasi ya picha moja na aya mbili, na hukaa kikashani ikimngoja mwenyewe apate wasaa.

Kuna pia suala la namna tunavyojifunza. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua, na kwamba kurudia somo kwa vipindi vilivyoachana kunalikaza kuliko kulikariri kwa mkupuo mmoja. Mafunzo ya mwanzo ya gemu nyingi hufanya kinyume chake. Ndani ya dakika kumi mshale unamwonyesha mchezaji bofya hapa, sasa bofya pale, sasa kusanya, sasa uza. Anafuata mshale, hajifunzi kitu. Kesho yake amebaki na kumbukumbu ya mshale tu. Barua inayomrudishia jambo moja kati ya yale ishirini, baada ya usiku kupita, inafika wakati akili iko tayari kulishika.

Tena gemu na barua ni ndugu wa siku nyingi. Sataranji imechezwa kwa posta tangu zamani, hatua moja kwa kila barua. Diplomacy, mchezo wa mezani uliotoka mwaka 1959, ulianza kuchezwa kwa posta katika miaka ya 1960, na wapo walioupenda zaidi hivyo kwa sababu kati ya barua na barua mtu alipata muda wa kuwaza. Gemu zenye kina hujifunzwa hasa mtu akiwa mbali na ubao. EVE Online, gemu ya anga iliyoanzishwa Iceland mwaka 2003, imejengwa juu ya wazo linalokaribiana na hilo: ujuzi wa mhusika wako unaendelea kukua kwa saa halisi hata ukiwa hujaingia mchezoni. Gemu ya namna hiyo ina jambo la kweli la kumwambia mtu aliye nje. Ile ya kupanga vito vya rangi kwa dakika tatu haina, na heri inyamaze.

Upande wa pili una hoja nzito, na iliyonibadilisha zaidi ni ya usalama. Akaunti ya gemu ina thamani: vitu vilivyokusanywa kwa miezi, pengine na kadi ya benki iliyounganishwa nayo. Wezi wamezoea kutuma barua zinazofanana nukta kwa nukta na za kampuni, zenye kiungo kinachompeleka mtu kwenye ukurasa bandia wa kuingilia. Wizi wa akaunti ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2008 Blizzard, watengenezaji wa World of Warcraft, walianza kuwauzia wachezaji kifaa kidogo cha kutoa namba za siri za kuingilia. Sasa fikiria kampuni inayomtumia mgeni barua tano katika wiki yake ya kwanza, kila moja ikiwa na kitufe cha "Ingia sasa". Inamfundisha kwamba barua ya gemu ni kitu cha kubofya bila kuuliza. Mwizi akija wiki ya sita anakuta shamba limeshalimwa.

Jibu langu ni kwamba barua ya somo isiwe na kiungo cha kuingilia hata kimoja. Somo liishie ndani ya barua yenyewe, na mchezaji aelekezwe afungue gemu kwa mkono wake kama anavyoifungua siku zote. Wenzangu wa masoko huniambia kwamba hivyo tunapoteza wabofyaji. Ni kweli, tunawapoteza. Lakini mgeni aliyeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba "sisi hatutumi viungo vya kuingilia" ana kinga ambayo hakuna onyo la baadaye litakalompa.

Hoja ya pili ni ya kikasha chenyewe. Tangu mwaka 2013 Gmail imekuwa ikizitenga barua za matangazo kwenye kichupo chake. Kisha Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kutekeleza masharti makali kwa watumaji wakubwa, ambao kwa Google ni wale wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wa Gmail: wathibitishe utambulisho wao, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3. Hao ni watu watatu katika kila elfu. Barua ya kubembeleza, ile ya "Tumekukosa", huwapata watatu hao bila shida.

Na gharama yake haiishii kwenye barua hiyo. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilituma mfululizo wa barua za sikukuu kwa kila aliyewahi kujisajili, hata waliokuwa wametoweka miaka. Malalamiko yakapanda, sifa ya anwani yao ikaharibika, na kwa wiki kadhaa barua za kubadilisha nywila zikawa zinatumbukia kwenye barua taka. Wachezaji waliokuwa wanataka kuingia, waliokuwa wanalipa, walikaa nje mlangoni wakingoja barua wasiyoiona. Tangu hapo nimesisitiza barua za lazima zitoke kwenye anwani moja na za mafunzo kwenye nyingine, wala zisichanganywe.

Sheria nazo zinadai hesabu yake. Marekani ina sheria ya mwaka 2003 inayomtaka mtumaji wa barua za biashara aheshimu ombi la kujiondoa ndani ya siku 10 za kazi, na nyingine ya mwaka 1998 inayotaka idhini ya mzazi kwa taarifa za watoto walio chini ya miaka 13. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inadai data ikusanywe kwa shabaha iliyotajwa wazi. Anwani niliyoitoa ili nifungue akaunti sikuitoa ili niuziwe sarafu. Ndiyo maana naiona hatari sana ile tabia ya kubandika ofa chini ya somo. Somo likishabeba bei limekuwa tangazo, hata kama aya zake mbili za juu ni za ualimu mtupu.

Ipo hoja nyingine ambayo vikaoni hutajwa kwa haraka, nami nadhani haistahili haraka. Si kila anayeondoka amepotea. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ina ugonjwa wa uchezaji gemu uliopita kiasi. Ni wachache kati ya wachezaji wote, lakini mtumaji wa barua hamjui yupi ni yupi. Anayefuta gemu kwa sababu imemla usingizi na masomo amefanya uamuzi wa kiutu uzima, na barua inayomwambia "askari wako wanakulilia" inaushambulia uamuzi huo pale alipo dhaifu. Ukishaona mtu ameifuta akaunti au amezima arifa zote, acha kumwandikia. Hilo silitafutii njia ya kati.

Lakini tuseme barua ni nzuri, salama na halali. Tutajuaje kwamba inafanya kazi? Hapa ndipo nimeona watu wenye akili wakijidanganya. Wanachukua waliofungua barua, wanawalinganisha na wasiofungua, wanakuta waliofungua wamebaki zaidi, basi wanashangilia. Waliofungua walikuwa tayari na hamu. Wangebaki hata bila barua. Hata jogoo asipowika, kutakucha. Isitoshe, tangu Septemba 2021 Apple imeweka kwenye programu yake ya barua kinga inayopakua picha zilizofichwa, zile zinazomjulisha mtumaji kwamba barua imefunguliwa, bila kujali kama mwenye simu amesoma, kwa hiyo "imefunguliwa" nyingi hazina mtu nyuma yake. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: wagawe wageni kwa bahati nasibu, nusu wapate barua, nusu wasipate chochote, kisha baada ya mwezi hesabu waliojenga ghala katika kila nusu. Hesabu ghala, wala usihesabu mibofyo. Inauma kuinyima barua nusu ya wachezaji, na viongozi hawapendi kusikia hivyo, lakini bila nusu hiyo tunabaki kumsifu jogoo.

Imebaki hoja kubwa ya wapinzani: kama gemu inahitaji barua ili ieleweke, basi irekebishwe gemu. Nakubaliana nayo kuliko wanavyotarajia. Barua ninayoitetea inaandikwa kwa kumtazama mchezaji alipokwama, kwa hiyo kila barua inayotumwa ni taarifa kuhusu gemu. Barua ya ghala ikienda kwa wageni wachache, ni mafunzo ya mtu binafsi. Ikienda kwa karibu kila mgeni, kosa si la wageni. Lichukuliwe hilo somo liingizwe ndani ya gemu, na barua ifutwe. Nimewahi kufuta barua yangu niliyoipenda kwa sababu hiyo, baada ya wachoraji kuweka alama nyekundu juu ya rundo la mbao linapopungua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Barua za zawadi zinamfanya mchezaji awe mgeni asiyekwisha, leo sarafu, kesho sarafu, na jembe halitolewi. Kwangu barua tatu au nne katika wiki mbili za mwanzo zinatosha: moja ya kosa la kwanza, moja ya kitu ambacho hajakigusa bado, moja ya kumkutanisha na watu, kwa maana katika gemu za ushirika anayepata kundi hupata walimu wasiolipwa. Baada ya hapo iende ya kuaga: "Hatutakuandikia tena. Kijiji chako kipo salama, hakitavamiwa ukiwa haupo. Una mbao 340."

Na kila moja itoke kwenye anwani inayopokea majibu. Kampuni nyingi hutuma kutoka anwani iliyofungwa, zikiogopa mzigo wa kujibu. Tulipofungua yetu, majibu hayakuwa mengi, na mengi yalikuwa ya shukrani au matusi. Moja lilitoka kwa mchezaji wa siku ya nne, aliyekuwa amepokea barua mbili zikimhimiza ajenge ghala. Aliuliza: "Ghala ni lile lenye paa jekundu?" Tulikwenda kutazama. Ndani ya gemu lile jengo lilikuwa na picha na bei, lakini jina lake halikuandikwa popote.